Kutengeneza Mchezo wa Kufyatua Risasi: Kazi Huanzia kwenye Karatasi ya Miraba

Mtu anayesimama katikati ya njia ya reli na kutazama mbele huona vyuma viwili vikizidi kukaribiana kadiri viendavyo mbali, hata mwisho huwa kana kwamba vimekutana. Kwa kweli havikutani. Upana baina yao ni ule ule tangu stesheni hadi stesheni. Jambo hilo, ambalo wachoraji wamelishughulikia kwa karne nyingi, ndilo msingi wa aina moja ya mchezo wa kompyuta upendwao mno na vijana: ule ambao mchezaji haoni mwili wake, bali huiona dunia ya mchezo kana kwamba yumo ndani yake, silaha ikiwa mbele ya macho yake.

Miongoni mwa michezo ya mwanzo kabisa ya aina hii ni Maze War, ulioanza kutungwa mwaka 1973 katika kituo cha utafiti cha Ames cha NASA, huko California, Marekani. Watungaji wake, Steve Colley, Greg Thompson na Howard Palmer, walitumia kompyuta iliyoitwa Imlac PDS-1. Kuta zilichorwa kwa mistari mitupu. Mchezaji alisogea mraba mmoja baada ya mwingine na kugeuka kwa nyuzi 90 tu, na mpinzani wake alionekana kwa umbo la jicho kubwa. Ulikuwa mchezo mkavu kwa kuutazama, lakini wazo lenyewe lilikuwa limekwisha kukamilika.

Mwanafunzi anayetaka kutengeneza mchezo kama huo leo kwa kawaida huanzia mahali pasipofaa: hubuni silaha kumi, maadui ishirini na hadithi ndefu kabla hajaweza kuonyesha ukuta mmoja. Zipo programu kama vile Godot, Unity na Unreal ambazo hubeba hesabu zote za uchoraji, na ya kwanza hupatikana bila malipo yoyote. Kuzitumia si kosa. Hata hivyo, anayeanza na hizo peke yake hupata mchezo bila kupata ufahamu, na siku ukuta unapotoweka machoni pa mchezaji hana pa kushika. Njia ya zamani, iliyotumika katika Wolfenstein 3D wa mwaka 1992, huhitaji tu karatasi ya miraba, kikotoo, na hesabu za pembetatu zinazofundishwa katika shule za sekondari.

Yafaa kukumbuka kwamba kompyuta haijui chumba ni nini. Inachopewa ni jedwali la tarakimu: 0 ni mahali patupu, 1 ni ukuta. Ramani za Wolfenstein 3D zilikuwa na miraba 64 kwa 64. Kwa anayejifunza, miraba 10 kwa 10 yatosha. Mchezaji naye ni tarakimu tatu tu: mahali alipo kwa kuhesabu kwenda mashariki (x), mahali alipo kwa kuhesabu kwenda kaskazini (y), na pembe anayoielekea. Swali lote la uchoraji ni hili: kutoka katika tarakimu hizo, je, jicho lingeona nini?

Jibu hupatikana kwa kutuma miali. Skrini hugawanywa katika safu nyembamba za wima, tuseme 320, na kwa kila safu mwali mmoja hutumwa kutoka kwa mchezaji hadi ugonge ukuta. Ikiwa upana wa kuona ni nyuzi 60, basi miali hutengana kwa wastani wa nyuzi 60/320, yaani 0.1875. Msomaji wa historia ya sayansi atatabasamu hapa. Wataalamu wa kale wa Kiyunani, Euclid mmojawapo, walidhani kwamba jicho ndilo linalotoa miali. Ibn al-Haytham, aliyezaliwa Basra yapata mwaka 965, alieleza katika Kitab al-Manazir kwamba nuru hutoka kwenye vitu na kuingia jichoni. Ibn al-Haytham alikuwa sahihi, lakini kompyuta hufuata njia ya Euclid, nayo ina sababu: miali mingi inayotoka kwenye vitu haifiki jichoni kamwe, na kuifuata ni kupoteza kazi.

Tuseme mchezaji yupo x = 2.5 na y = 3.5, akielekea pembe ya nyuzi 30 kutoka mashariki kwenda kaskazini. Mstari wa wima ulio karibu ni x = 3. Ili kuufikia, mwali husafiri 0.5 ÷ kosaini ya 30, yaani 0.577. Mstari wa mlalo ulio karibu ni y = 4, nao hufikiwa baada ya 0.5 ÷ saini ya 30, yaani 1.0. Ule wa wima ndio unaotangulia. Kwa hiyo mwali huingia katika mraba unaoanzia (3, 3). Kama mraba huo una 0, safari huendelea. Tangu hapo kila mstari mwingine wa wima huongeza 1.155, na kila mstari mwingine wa mlalo huongeza 2.0. Sasa hulinganishwa 1.732 na 1.0: mlalo hutangulia, na mwali huingia katika mraba (3, 4). Kisha hulinganishwa 1.732 na 3.0: wima hutangulia, na mwali huingia katika mraba (4, 4). Ikiwa hapo ramani ina 1, ukuta umepatikana, nao uko umbali wa 1.732. Hakuna mraba ulioachwa wala kona iliyorukwa, kama ambavyo ingetokea iwapo mwali ungesogezwa kwa hatua za kukisia.

Sasa ni zamu ya pembetatu zinazofanana. Kimo cha ukuta kwenye skrini hupungua kwa kadiri umbali unavyoongezeka: umbali ukizidishwa mara mbili, kimo huwa nusu. Kwa skrini yenye nukta 320 kwa upana na mwono wa nyuzi 60, kiasi kinachogawanywa ni 160 ÷ tanjenti ya 30, yaani karibu 277. Ukuta wenye kimo cha mraba mmoja ukiwa umbali wa miraba 2 huchorwa kwa nukta 139. Umbali wa 4 kwa nukta 69. Umbali wa 8 kwa nukta 35. Ule wa mfano wetu, ikiwa ni mwali wa katikati, huchorwa kwa nukta 160. Safu hiyo huwekwa katikati ya skrini; juu yake hupakwa rangi ya dari na chini yake rangi ya sakafu. Wolfenstein 3D ulifanya hivyo hivyo, dari na sakafu zikiwa rangi tupu.

Anayefika hapa kwa mara ya kwanza hupatwa na mshangao usiopendeza: kuta zilizonyooka huonekana zimevimba katikati mithili ya pipa. Tuseme mchezaji anautazama moja kwa moja ukuta ulio miraba 4 mbele yake. Mwali wa katikati husafiri 4, lakini ule wa pembeni kabisa, ulio nyuzi 30 kando, husafiri 4 ÷ kosaini ya 30, yaani 4.62. Kompyuta huchora nukta 60 pembeni na 69 katikati, ilhali ukuta ni mmoja. Dawa ni kuuzidisha umbali wa kila mwali kwa kosaini ya pembe baina yake na mwali wa katikati: 4.62 × 0.866 hurudi kuwa 4, na ukuta hunyooka. Mwalimu anayetafuta jibu kwa swali la kila mwaka, kwamba kosaini ina faida gani, asiache kuwaonyesha wanafunzi ukuta huo kabla na baada ya kuzidisha.

Kutembea ni kubadili x na y, lakini muda usisahauliwe. Kompyuta moja huchora picha 60 kwa sekunde, nyingine 30. Mchezaji akisogezwa 0.05 kwa kila picha, huku atakwenda miraba 3 kwa sekunde na kule mraba mmoja na nusu. Kwa hiyo mwendo hutajwa kwa sekunde, kisha huzidishwa kwa muda uliopita tangu picha iliyotangulia. Kabla ya kumsogeza, hutazamwa kama mraba aendao una 0. X ikaguliwe peke yake na y peke yake, ili anayegusa ukuta kwa mshazari ateleze kandokando yake badala ya kunata.

Kufyatua risasi, jambo linalodhaniwa kuwa ndilo kubwa, hubaki kuwa jambo dogo kabisa. Risasi ni mwali wa katikati. Adui aliye umbali wa 5 na kando kwa nyuzi 3 yuko mbali na mwali huo kwa 5 × saini ya 3, yaani 0.26, ikiwa nusu ya upana wake ni 0.3, amepigwa. Angekuwa kando kwa nyuzi 4 angeachwa kwa 0.35. Na kama ukuta uko umbali wa 1.732, yeye aliye nyuma yake yu salama. Kiswahili kinasaidia hapa, maana bunduki hupiga na kamera hupiga: mwalimu asiyependa silaha darasani aweza kuweka kamera na tembo, bila kubadili hesabu hata moja.

Mipaka ya njia hii ilionekana mapema. Kuta zote ni za kimo kimoja na hukutana kwa nyuzi 90. Doom, uliotolewa Desemba 1993 na kampuni ile ile ya id Software, uliacha miraba na kuleta kuta za pembe yoyote na sakafu za kimo mbalimbali. Mtungaji wa programu, John Carmack, alitumia njia iliyoelezwa mwaka 1980 na Fuchs, Kedem na Naylor: ramani hukatwa kwa mstari kuwa sehemu mbili, kila sehemu hukatwa tena, hadi kila kipande kiwe chepesi. Kazi hiyo hufanywa kabla mchezo haujaanza. Mchezaji anapotembea, kompyuta huuliza tu yuko upande upi wa kila mstari, na kutokana na majibu hayo hujua ukuta upi uko mbele ya upi.