RAM ya GB 4 inasoma 3.2: fundi kakuibia?

Wadau wa Kibaha na Kisarawe, umelipia RAM ya GB 4, Windows XP ya biti 32 inakuonyesha 3.2. Kabla hujamkaba fundi, soma hapa.

Anwani za memori ni kama viwanja vilivyopimwa. Kibaha huruhusiwi kujenga ndani ya hifadhi ya barabara ya Morogoro. Kisarawe kuna msitu wa Pugu-Kazimzumbwi. Kwenye kompyuta nako, kadi ya picha na vifaa vingine vinashika anwani za chini ya GB 4. Hapo RAM haionekani, ni pengo.

Mashine ikiwaka, BIOS inampa kerneli (kiini cha mfumo) ramani: hapa RAM, hapa usiguse. Kerneli hugawa RAM vipande vya KB 4. Linux ya biti 64 huvikusanya kwenye mafungu, mara nyingi ya MB 128, na kujua lipi lipo, lipi hamna kitu. Fungu tupu halifunguliwi daftari, maana daftari lenyewe linakula RAM.

Dawa ni mfumo wa biti 64, kama prosesa na mazabodi vinakubali. Ila ikisoma GB 2, hapo muulize fundi vizuri!