Coccinelle ya muzee imelala miaka 15: mbele ya kugeuza ufunguo

Wandugu, katika parseli nyingi za Bukavu na Lubumbashi kunako motokari moja ya muzee imekaa chini ya muembe, mapine yameisha hewa, kuku wanatagia ndani. Mara nyingi ni Volkswagen Coccinelle. Watu wa mitraye wanapita kuuliza bei ya vyuma. Na kila likizo, mutoto mumoja wa univerisite anasema: "Tulete batri, tusukume, itawaka." Hapo njo moteri nyingi zinakufia. Haiuliwe na miaka yote ile, inauliwa na dakika moja ya kwanza.

Tuelewane juu ya nini. Motokari ikikaa kimya, mafuta ya moteri yote yanashuka chini, silinda zinabaki kavu, na segma zinashikana na chuma kwa kutu. Ukisukuma huku vitesi imeingia, segma zinavunjika ao zinakwangua silinda. Basi toa bujii zote 4, mwanga mafuta ya moteri kijiko kimoja katika kila tundu, acha siku mbili. Kisha geuza puli ya chini kwa mukono, na ufunguo wa 30, pole pole. Ikikataa, ongeza mafuta, ngoja tena. Usitie bomba refu kwenye ufunguo ili kuilazimisha.

Kitu cha pili watu wanasahau: Coccinelle haina maji. Inapozwa na upepo tu, feni inausukuma ndani ya bati lililofunika silinda. Na ile bati, kwa panya, ni nyumba nzuri sana. Nimeona mutu anatoa majani na matambara ndoo nusu. Moteri ingewaka vizuri kabisa, halafu ingeungua kwa muda mufupi, na mara nyingi silinda ya 3 njo inateseka kwanza, juu kwa moteri nyingi radiateri ya mafuta inaikatia upepo. Fungua, chungulia, safisha.

Mafuta ya zamani, mwanga yote. Inakula litre 2.5 tu, na haina filtri ya karatasi: chini kunako kichujio cha waya, kinashikwa na ekru 6 ndogo za ufunguo wa 10. Kitoe. Ukikuta ndani vipande vya chuma vinavyongaa, simama hapo, itisha mutu anayejua kufungua moteri.

Sasa esansi, na hapa nawaomba musome mara mbili. Tanki iko mbele, moteri nyuma, kwa hiyo esansi inapita urefu wote wa motokari. Karibu na moteri inapita katika mipira midogo iliyovikwa kitambaa, na mupira mumoja unapita juu ya delko, fasi cheche zinarukia. Mupira wa miaka 40 unaonekana muzima kwa inje kumbe ndani umepasuka. Ukivuja pale, ni moto. Na karteri imetengenezwa na magnesiamu. Ikishika moto, kumwanga maji kunazidisha. Kwa hiyo badilisha mipira yote, hata ile inayoonekana muzuri. Bei yake haifiki bei ya pine moja. Weka ekstenteri ya unga na muchanga mukavu karibu siku ya kuwasha. Esansi ya zamani itoe katika tanki, na karibirateri ifungue: mule inaacha gundi. Vitundu vyake vipulize na hewa, usivichokoe na waya.

Kwa kuwaka, angalia kwanza batri ya volti ngapi: karibu zote za mbele ya 1966 ni volti 6, ukiweka 12 unaunguza taa na bobini. Platini zipake msasa laini, acha nafasi ya milimita 0.4. Waya za bujii zinafuatana 1-4-3-2. Zungusha na demareri bila bujii mpaka taa ya mafuta izime, njo urudishe bujii na uwashe.

Imewaka? Usitoke nayo. Mafuta ya freni yanavuta maji ya hewani, silinda ndogo za kwenye magurudumu zinashikana, na mipira yake inavimba ndani. Freni ikishika na isiachie, ao isishike kabisa, na weye uko unashuka Kadutu, hakuna moteri nzuri itakusaidia. Tengeneza freni zote nne, kisha zunguka parseli.

Neno moja tena, na si la ufundi: kabla ya kununua piyesi, uliza karte roze iko kwa jina la nani na nani anaishika. Muzee akiwa amefariki, kaa na ndugu wote, muandike. Ikiwa kuku ndani, haina mwenyewe. Ikianza kunguruma, baba mudogo wa Kindu atafika kesho yake na avion.