Wasifu wa Judith Scott

Kitu kilichoachwa ovyo karibu na msanii Judith Scott hakikukutwa tena. Alikichukua, akakizungushia nyuzi na vipande vya nguo, tabaka juu ya tabaka, mpaka kikamezwa kabisa. Kiti, gurudumu la baiskeli, hata kitoroli cha kubebea bidhaa dukani, vyote vilipita mikononi mwake. Baadhi ya kazi zake ilibidi zipigwe eksirei ndipo watu wajue ndani mna nini.

Huwa namkumbuka kila ninapokaa msibani nikisikiliza wasifu wa marehemu. Utaratibu tunaujua: kuzaliwa, shule, ajira, ndoa, watoto, kuugua, kufariki. Akifa mtu mwenye sindromu ya Down, msomaji anamaliza kabla waombolezaji hawajakaa vizuri vitini. Shule hakuna, ajira hakuna, ndoa hakuna. Anasema marehemu alikuwa mpole na alipenda muziki, kisha anakunja karatasi.

Judith na pacha wake Joyce walizaliwa Ohio, Marekani, tarehe 1 Mei 1943. Joyce hakuwa na tofauti yoyote. Judith alikuwa na sindromu ya Down: kromosomu ya 21 nakala tatu badala ya mbili. Walilala kitanda kimoja na kucheza pamoja kutwa. Asubuhi moja mwaka 1950, Joyce aliamka akakuta mwenzake hayupo. Alikuwa amepelekwa katika kituo cha serikali cha kulelea watu wenye ulemavu wa akili, kama wazazi wengi wa zama zile walivyoshauriwa kufanya. Huko alipimwa akili kwa maswali ya mdomo, hakujibu hata moja, akaandikwa kuwa hafundishiki. Hakujibu kwa sababu alikuwa kiziwi, jambo lililokuja kugundulika miaka mingi baadaye.

Alikaa vituoni miaka ipatayo 35. Wanaomsifu siku hizi huipita haraka miaka hiyo, wakimbilie habari njema. Mimi sioni haki kufanya hivyo. Ile nayo ni sehemu ya maisha yake, tena zaidi ya nusu, na aliyeporwa ni yeye.

Katikati ya miaka ya 1980 Joyce alipigania kuwa mlezi wake kisheria, akamchukua wakaishi California. Mwaka 1987 Judith akaandikishwa Creative Growth, kituo cha wasanii wenye ulemavu kilichoanzishwa Oakland mwaka 1974. Kwa muda mrefu alichora miduara tu, bila hamu. Kisha msanii wa nyuzi, Sylvia Seventy, akaja kufundisha. Judith hakufuata zoezi alilopewa. Alichukua vijiti, akaanza kuvifunga kwa uzi, na hakuacha tena mpaka kufa kwake: kazi zipatazo 200.

Kazini hakuwa na masihara. Kofia na vilemba vya rangi kali kichwani, shanga shingoni, anafunga na kukaza kwa wiki kadhaa, pengine miezi. Siku aliyoona basi, alikisukuma kile kitu kando, akakung'uta mikono, akadai kingine. Safari moja uzi ulipomwishia alitumia karatasi za kufutia mikono, na ile ni mojawapo ya kazi zake nzuri kupita zote. Wachambuzi wengine wanasema maumbo mawili yaliyofungwa pamoja katika baadhi ya kazi zake ni yeye na pacha wake. Huenda. Judith hakusema wala kuandika, na hakuonekana kujali wageni wanafikiri nini.

Alifariki tarehe 15 Machi 2005 mikononi mwa Joyce, wiki chache kabla ya kutimiza miaka 62. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, Mmarekani mwenye sindromu ya Down alitarajiwa kuishi miaka 25 hivi. Kazi zake zimo katika jumba la sanaa la MoMA, New York, na jumba la makumbusho la Brooklyn lilimfanyia maonyesho makubwa mwaka 2014. Joyce naye akamwandikia wasifu wa kitabu kizima.

Kitabu si lazima, wala si kila mtu ataacha sanaa. Lakini dada au kaka anayeishi na mtu mwenye sindromu ya Down anaweza kuchukua daftari leo, mwenyewe angali hai, akaandika: chai yake inanywewa katika kikombe kipi, nani akikalia kiti chake yeye hununa mpaka jioni, jirani yupi humwita kila akipita, na kwa utani gani.