Jina la Jalada: Elimu ya Habari na Mfano wa Mkoa wa Songwe

Vijana wanaomaliza kidato cha sita huko Tunduma na Vwawa, wakisikia kwamba vyuo vikuu vyafundisha elimu ya habari, wengi hudhani ni uandishi wa magazeti. Wengine hudhani ni ukarani wa kupanga vitabu rafuni. Si hili wala si lile. Neno habari hapa lina maana ya ujuzi wowote uliokwisha kurekodiwa: kitabu, jalada la ofisi, ramani, sauti iliyonaswa, au maandishi yaliyomo ndani ya kompyuta. Mwanafunzi hufundishwa kuvikusanya vitu hivyo, kuvipa maelezo, kuvihifadhi visipotee, na kumwezesha avitafutaye avipate.

Elimu hii si ngeni katika Afrika ya Mashariki. Shule ya ukutubi ilifunguliwa Makerere mwaka 1963. Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania ina chuo chake Bagamoyo. Na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza kutoa shahada ya uzamili ya taaluma hii mwaka 1997. Siku hizi somo la kutunza maandishi ya kidijiti limeongezwa, nalo ndilo livutialo vijana zaidi.

Mimi ni mtu wa isimu, si mkutubi. Hata hivyo naona kwamba sehemu iliyo ngumu kupita zote ni ile ya kuvipa vitu maelezo, na ndiyo wanafunzi waionayo kuwa nyepesi.

Tutazame jina Songwe. Ni mto ulio mpakani mwa Tanzania na Malawi. Ni wilaya. Tangu mwaka 2016 ni mkoa, uliomegwa kutoka Mkoa wa Mbeya. Tena ni uwanja wa ndege, nao umo katika Mkoa wa Mbeya, si katika Mkoa wa Songwe! Mtafiti anayetaka majalada ya zamani ya Mbozi akiandika “Mkoa wa Songwe” katika kompyuta hatapata kitu, kwa kuwa majalada hayo yameandikwa Mbeya, na yale ya miaka ya 1950 yako chini ya Jimbo la Nyanda za Juu za Kusini. Atarudi nyumbani akisema hayapo. Yapo, ila yamepotea kwa jina.

Lugha zatutatiza zaidi. Wenyeji wa Tunduma na wa Nakonde, upande wa Zambia, wana lugha moja iliyokatwa na mpaka wa wakoloni. Upande wetu huitwa Kinyamwanga. Ng’ambo huitwa Chinamwanga au Namwanga. Na Guthrie, katika mpango wake wa lugha za Kibantu, aliiita Mwanga na kuipa alama M.22. Sasa mtu akitafuta “Mwanga” ataletewa wilaya iliyoko Kilimanjaro, ataletewa mwanga wa jua, na pengine mwanga wa usiku arogaye watu. Ndiyo maana wataalamu wametunga alama zisizobadilika. Ya lugha hii ni “mwn”.

Kisha kuna viambishi vyetu. Mnyamwanga, Wanyamwanga, Kinyamwanga, Unyamwanga: mzizi ni mmoja, lakini katika orodha ya alfabeti maneno hayo hutawanyika penye M, W, K na U. Watunga kamusi walikutana na tatizo hili zamani. Katika kamusi ya Johnson ya mwaka 1939 nomino nyingi zilizotokana na vitenzi zimewekwa chini ya kitenzi chake. Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya mwaka 1981 iliziorodhesha nomino kwa umbo lake la umoja. Kila njia ina faida yake, na mwanafunzi wa habari yafaa azijue zote mbili.

Kompyuta nayo hufuata ilivyofundishwa. Programu nyingi za kutafutia zilitungwa kwanza kwa Kiingereza, ambacho maneno yake hubadilika zaidi mwishoni. Kwa hiyo hukata mkia wa neno na kubakiza kichwa. Kiswahili hubadilika mbele na nyuma. Aulizaye “mpaka” hapewi “mipaka”, bali hupewa kila sentensi yenye “mpaka” kwa maana ya “hadi”, na kwa mji wa mpakani kama Tunduma hasara hiyo si ndogo.

Kazi ifaayo kumpa mwanafunzi atokaye Songwe ni kutengeneza orodha ya majina ya mkoa wake: Kinyiha na Ishinyiha, Kindali, Kiwanda, Kibungu, pamoja na wilaya na miaka zilipogawanywa, kama Momba ilivyotoka Mbozi. Kila jina lielekezwe kwa wenzake kwa maneno “tazama pia”. Jina aliloandika karani wa mwaka 1955 juu ya jalada halifutwi. La leo huongezwa kando yake, pamoja na mwaka.