KUFUNDISHA STADI KWA HATUA: MFANO WA KUUTOA MPIRA MCHANGANI

Katika mazoezi ya kufundisha twakuta mara kwa mara kosa la namna moja. Mwanachuo ana andalio zuri la somo, ana zana, na sauti yake yasikika hadi nyuma ya darasa. Lakini afikapo kwenye stadi ya mikono, kama vile kushika jembe, kusukuma randa au kurusha mpira, hutoa amri moja tu: "Fanya kama mimi." Mtoto akishindwa, huambiwa aongeze nguvu. Akishindwa tena, wenzake humcheka, na tangu siku hiyo huamini kwamba yeye hawezi. Hasara hiyo ni kubwa, nayo haiandikwi katika daftari lolote.

Ili kuonyesha njia iliyo bora, tumechagua stadi ambayo wengi wa wasomaji wetu hawajaijaribu, ili kila mmoja wetu akae kwanza mahali pa mwanafunzi. Ni stadi ya kuutoa mpira katika shimo la mchanga, katika mchezo wa gofu. Mjini Morogoro kipo kiwanja cha mchezo huo, chini ya safu ya Uluguru, na kilele cha Lupanga chenye kimo cha zaidi ya meta 2,100 chaonekana juu yake.

Tatizo lenyewe

Mchezaji wa gofu hupiga kwa fimbo mpira mdogo usiozidi gramu 46, akikusudia kuuingiza katika kishimo chenye bendera kwa mapigo machache iwezekanavyo. Njiani yamewekwa mashimo ya mchanga ili kumtega. Mpira ukiwa juu ya majani, fimbo huupiga wenyewe. Ukiwa mchangani, mambo hugeuka. Anayeupiga moja kwa moja huurusha mbali mno, au huugongesha kwenye ukingo wa shimo. Anayepiga nyuma mno huizamisha fimbo, na mpira hubaki pale pale. Kila mwanagenzi hujaribu dawa mbili: kuongeza nguvu, au kuuinua mpira kwa kukunja viganja. Zote mbili huzidisha ugonjwa.

Siri ya pigo hili ni kwamba fimbo haiugusi mpira. Huingia mchangani kama sentimeta 5 nyuma yake, hupita chini yake, kisha hutokea mbele. Mchanga unaoruka ndio unaoubeba mpira na kuutoa nje. Mwanafunzi hufanikiwa pale anapoacha kuutamani mpira na kuutazama mchanga.

Chombo nacho kina sehemu yake. Mwaka 1932 Mmarekani Gene Sarazen alishinda mashindano ya wazi ya Uingereza akitumia fimbo aliyoitengeneza yeye mwenyewe kwa kuongeza madini kwenye unyayo wake, hata ukingo wa nyuma ukawa chini kuliko ukingo wa mbele. Jembe limeundwa ili lizame. Fimbo hii imeundwa ili iteleze. Mtoto asiyeelezwa tofauti hiyo ataitumia fimbo kama jembe, na kosa halitakuwa lake.

Hatua za kufundisha

Kwanza, miguu. Mwanafunzi asimame mchangani bila fimbo, azungushe nyayo zake mpaka zizame kidogo, na uzito wake uelemee zaidi mguu ulio upande wa lengo. Hapo hapati uthabiti tu, bali pia hupata habari: nyayo humwambia kama mchanga ni laini au mgumu.

Pili, chombo. Aufungue uso wa fimbo, yaani augeuze uelekee juu kidogo, kisha ndipo aishike. Akishika kwanza na kugeuza baadaye, mikono itaurudisha uso ulivyokuwa wakati wa kupiga.

Tatu, mstari bila mpira. Mwalimu achore mstari mchangani, na mwanafunzi apige akikusudia fimbo iingie juu ya mstari na itokee mbele bila kusimama njiani. Apige mara nyingi.

Nne, mpira. Uwekwe kama sentimeta 5 mbele ya mstari, na mwanafunzi aambiwe arudie pigo lile lile kana kwamba mpira haupo.

Hatua ya tatu ndiyo moyo wa somo. Mchanga huhifadhi alama ya kila pigo. Kwa hiyo mwalimu hana haja ya kusema "umekosea." Aulize tu: "Alama yako imeanzia wapi?" Mtoto atatazama, ataona imeanzia nyuma ya mstari kwa shubiri nzima, naye atajirekebisha. Kosa alilolisoma mwenyewe halimvunji moyo, humwelekeza.

Kuijua ardhi kabla ya kupiga

Kanuni hiyo haitoshi pasipo kuitazama hali ya mchanga. Wakati wa masika, kati ya Machi na Mei, mchanga ulioloa hushikamana. Uso wa fimbo ukifunguliwa sana, unyayo hudunda juu ya mchanga huo na kuugonga mpira katikati. Hivyo yafaa kuufungua kidogo tu. Mpira ukiwa umezama, uso wa fimbo usifunguliwe, na fimbo ishuke kwa mwinamo mkali zaidi. Mpira utatoka chini chini na kubingirika mbali. Sheria za mchezo hukataza kuupima mchanga kwa mkono au kwa fimbo kabla ya kupiga, lakini huruhusu kuzamisha miguu ili kusimama imara. Ndiyo sababu tulianza na miguu.

Milima yetu yenyewe yatoa ushahidi wa jambo hili. Katika miaka ya 1950 serikali ya kikoloni iliwalazimisha wakulima wa Uluguru kuchimba matuta ya ngazi kwenye miteremko ili kuzuia mmomonyoko. Kusudi lilikuwa na maana, lakini njia ilikuwa amri moja kwa ardhi yote. Mahali pengi udongo wenye rutuba ni tabaka jembamba. Uchimbaji uliufukia na kuuleta juu udongo usiozaa. Wakulima walioijua ardhi hiyo hawakusikilizwa. Mwaka 1955 zilizuka ghasia huko Matombo, na mpango huo ukaachwa. Mwalimu atoaye amri moja kwa watoto wote, bila kuitazama hali ya kila mmoja, yumo katika njia hiyo hiyo.

Shuleni pasipo fimbo za gofu

Wengi wetu tutafundisha shule zisizo na fimbo hata moja. Hatua tatu za mwanzo zaweza kufanyika katika shimo la kurukia miruko. Mpini wenye kipande cha ubao kilichopigiliwa imara mwishoni watosha kufundishia miguu, mstari na pigo. Darasa likiwa na watoto 60, ligawanywe katika vikundi. Mmoja apige, wa pili asome alama, wa tatu asawazishe mchanga kwa reki, wengine wangoje zamu yao. Wote wasiopiga wasimame mbali, nyuma ya mpigaji, wala asiwepo mtu mbele yake. Mwalimu akague mpini na ubao kabla ya kila kipindi.

Kazi ya reki isidharauliwe. Katika gofu, atokaye shimoni husawazisha mchanga ili ajaye nyuma yake asiikute nyayo yake. Adabu hiyo yafaa kufundishwa pamoja na pigo.

Maswali ya kujadili

1. Chagua stadi moja unayotarajia kuifundisha. Ni jambo gani ndani yake ambalo mwanafunzi hulifanya kwa silika, nalo humpotosha?

2. Katika stadi hiyo, alama ya kosa huonekana wapi, ili mtoto aisome mwenyewe pasipo kuambiwa?

3. Andika andalio la somo la dakika 40 ambamo mwalimu hatatumia neno "ongeza nguvu" hata mara moja.