Goma: taa iko juu, lakini kazi kubwa iko chini ya nguzo

Katika mitaa mingi ya Goma, taa ya sola kando ya njia ni ulinzi. Ikizimika, watu wanafunga milango mapema. Ndiyo sababu wakaaji wa avenyi moja wakichangishana pesa, mazungumzo yanakuwa juu ya pano, betri na mwangaza. Shimo la nguzo wanamwachia fundi, na fundi anakutana na jiwe.

Sehemu kubwa ya mji imekaa juu ya mawe ya volkano. Tarehe 17 Januari 2002, lava ya Nyiragongo ilipita katikati ya mji hadi ziwa Kivu. Mei 2021 ilishuka tena na kusimama upande wa Buhene. Mahali ilipopoa, mtarimbo unaruka tu. Fundi aliyechoka anaweza kusimama kwenye sentimita 40, anamwaga beto kidogo, anasimamisha chuma. Siku ya kwanza nguzo inaonekana imara kabisa.

Lakini adui wa nguzo hii si uzito wake. Nguzo ya nyumba inabeba paa, inasukumwa chini. Ile inayosimama peke yake inasukumwa pembeni na upepo, hasa ule unaotangulia mvua. Tuchukue nguzo ya mita 6 yenye pano ya mita moja ya mraba juu yake. Upepo wa kilomita 108 kwa saa unasukuma pano hiyo kwa nguvu inayokaribia kilo 60. Huo ni mzigo ambao mtu mzima anaweza kubeba mgongoni. Shida ni kwamba uko mita 6 juu, na nguzo yenyewe inageuka mtarimbo mrefu unaong'oa mguu wake.

Hapo upana wa beto ndio unaosema. Beto ya sentimita 50 kwa 50, yenye kina cha sentimita 80, ina uzito wa kilo 480 hivi. Ukiongeza upana hadi mita moja kwa moja, kina kikibaki kilekile, uzito unafika kilo 1 920, yaani mara nne. Na kwa kuwa ukingo nao umekwenda mbali mara mbili, nguvu ya kukataa kupinduliwa inaongezeka mara nane. Kwa nguzo ya mfano wetu, beto ndogo ingeshindwa kama udongo wa pembeni ni wa kujazwa tu. Ile kubwa inashinda upepo huo karibu mara mbili.

Kwa hiyo pale jiwe linapokataa kuchimbwa, dawa ni kupanua. Kuna njia nyingine: kutoboa lava yenyewe na kushikiza humo vyuma vya beto kwa simenti. Inafaa, lakini kwanza jiwe ligongwe mahali pengi, maana chini ya ganda la lava kunaweza kuwa na utupu. Jiwe linalolia kama ngoma halifai kushika kitu.

Bei ndiyo inayosumbua. Kwa kipimo cha kilo 350 za simenti katika mita moja ya ujazo, beto hiyo kubwa inaomba karibu mifuko 6 ya kilo 50. Ile ndogo inatosheka na mfuko mmoja na nusu. Anayelipa haoni tofauti, maana vyote vinafunikwa.

Uvira ni hesabu nyingine. Kule kando ya Tanganyika, watu wanakumbuka mafuriko ya Aprili 2020. Maji yakizamisha beto, kila mita ya ujazo inapoteza tani nzima ya uzito wake: zile kilo 1 920 zinabaki 1 120. Na mkondo ukichukua mchanga wa pembeni, hakuna tena kinachosaidia. Huko mguu unapaswa kuwa mzito zaidi na kwenda chini zaidi.

Kinachobaki ni uvumilivu. Beto inahitaji kumwagiwa maji siku 7 hivi, hata kama bidoni ya maji inanunuliwa, na inafikia nguvu yake ya kawaida kwenye siku ya 28. Juu yake iteremke kidogo kila upande ili mvua isilale kwenye shina la chuma, kwa sababu kutu inaanzia hapo. Tena bomba la waya liwekwe kabla ya kumwaga. Wanaolisahau wanarudi na nyundo kuvunja beto waliyoilipia.