Chumba cha chumvi na pumzi ya mtoto



Chumvi tunaijua jikoni. Kule Wieliczka, nchini Polandi, wagonjwa wa kifua hushuka ndani ya mgodi wa chumvi ili wavute hewa yake. Mwaka wa 1843, mganga Feliks Boczkowski alitoa kitabu juu ya matibabu ya chumvi ya huko. Leo, Ulaya na Marekani, watu hujenga vyumba vya chumvi: mashine inasaga chumvi kavu iwe vumbi laini, na mtu anakaa humo karibu dakika 45 akiivuta.

Je, inaponya? Wengine husema makohozi yanalegea. Lakini waganga hawajapata ushahidi wa kutosha kwamba inaponya pumu, na vumbi hilo linaweza kumbana mgonjwa zaidi.

Basi sisi wamama tushauriane. Mtoto mwenye mafua, matone ya maji ya chumvi ya farmasi yatamfungua pua. Mwenye pumu tusimwondolee pompi yake ya dawa. Moshi wa makala uwe mbali naye. Na mbavu zikiingia ndani anapopumua, tusingoje kesho: twende kituo cha afya.